Kidato cha Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mwale wa mtambo wetu umeanza leo. Nimerudi kazini baada ya wiki tano. Nimepewa pole kwenye korido, nimepewa pole kwenye ngazi, na moja imenifikia kupitia mlango wa choo. Zote nimejibu nimeshapoa. Ukweli ni kwamba sijapoa. Nimeganda tu, kama mafuta ya jana kwenye sufuria.

Daftari hili lilinunuliwa ili kuandika majina ya waliokuja msibani. Watu waliacha kuja, kurasa zikabaki. Nitaandika humu mpaka msimu uishe.

Kazi yetu nimemweleza mama mkwe kila mwaka na kila mwaka anasahau, kwa hiyo naiweka hapa. Tunarusha elektroni kwa kasi kubwa zipige utando mwembamba wa madini. Nyingi zinapita kama vile hakuna kitu. Chache zinakutana na kiini cha atomu na kukengeuka. Tunahesabu ngapi zimekengeuka kwa kila pembe, tunachora, na mchoro unashuka kama mlima wenye mabonde. Mahali bonde lilipo ndipo panapokuambia kiini kina ukubwa gani. Hakuna anayekiona kiini. Tunajua tu waliogongana nacho wameelekea wapi.

Msimu huu ni zamu ya kalsiamu nzito, ile yenye nyutroni nane za ziada. Shabaha yake, yaani utando wenyewe unaopigwa, aliitengeneza mume wangu. Alikuwa fundi shabaha hapa kwa miaka kumi na sita. Aliipanga kwenye ngazi, chungu cha chuma kikafungwa, hewa ikanyonywa yote, na siku nne baadaye akalazwa kwa ajili ya figo. Hakutoka.

Ngazi ni kipande cha alumini chenye vidato vinne, kila kidato na fremu yake. Mota inaipandisha na kuishusha mpaka kidato unachokitaka kikae mbele ya mwale. Kadi ya ngazi ameiandika kwa mkono wake, imebandikwa ukutani juu ya meza yangu:

1. kaboni
2. kalsiamu juu ya kaboni
3. kalsiamu tupu
4. kioo

Maneno manane. Hakuwa mtu wa hotuba. Kioo ni cha kutazamia mwale umetua wapi. Kalsiamu ni laini na ina kiburi, ukiigusisha hewa inageuka unga mweupe, ndiyo maana inabandikwa juu ya utando wa kaboni iwe na mgongo. Kidato cha tatu ni fremu isiyo na kitu. Inatuonyesha kelele za fremu yenyewe, yaani hesabu zinazotoka kwake bila madini. Mwisho wa msimu nachukua kidato cha pili, natoa kelele za fremu, natoa kaboni, na kinachobaki ni kalsiamu. Kutoa ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Pembe ya kwanza. Hakuna la kusema.

Ijumaa, 7 Machi

Mwendesha mtambo wetu ni mwanamke tunayemwita Sauti, kwa sababu watu humsikia kwenye spika mwezi mzima kabla ya kumwona. Leo asubuhi spika ikasema: "Dada, hiki kidato cha tatu chako mbona kinafaulu?"

Nikamuuliza kinafaulu vipi.

"Hesabu zinamiminika. Huyu mwanafunzi hajaingia darasani, maksi anapata. Anaangalizia kwa nani?"

Nikamwambia mwale umetanuka, unagusa kingo za fremu. Akaubana. Hesabu hazikupungua. Akaubana tena mpaka ukawa mwembamba kama sindano. Hazikupungua.

"Basi ana akili za kuzaliwa," Sauti akasema, akaenda kunywa chai.

Nimeandika kwenye kitabu cha kazi: kelele za fremu, kubwa kuliko kawaida. Nikapiga mstari chini yake.

Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe anaishi kwangu tangu mazishi. Alikuwa mshonaji, na vidole vyake havijui kukaa bure. Amepunguza mapazia yote ya nyumba hii kwa nusu shubiri, sijui kwa nini, na sijamuuliza.

Jioni ananiuliza swali lake: "Jina la mwanangu wameshaliandika?"

Mkuu wetu wa kazi, tunayemwita Bwana Pembe, aliahidi wakati wa mazishi, mbele ya watu, kwamba makala ya msimu huu itatanguliza jina la fundi. Haijawahi kutokea. Mafundi hushukuriwa kwa mstari mmoja chini kabisa, baada ya watoa umeme. Mama amelishika hilo. Ameshaandaa fremu ya mbao ya kuwekea ukurasa wa kwanza.

"Bado, mama. Mpaka hesabu zitoke."

"Haya. Mimi sina haraka, sina pa kwenda."

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Paa la ukumbi wa sumaku, ile inayokusanya elektroni zilizokengeuka, linavuja. Tumeweka ndoo.

Alhamisi, 20 Machi

Pembe ya nne. Kwa utaratibu wa Bwana Pembe hakuna kuchungulia. Namba zinakaa kwenye kompyuta zimefungwa mpaka pembe zote kumi ziishe, ndipo tunazifungua siku moja. Anasema mtu akiliona jibu mapema analipenda, na akilipenda atalitetea. Mume wangu alikuwa anamcheka kwa hilo. Walikuwa wanabishana kwa kila jambo, hawa wawili: unene wa utando, gundi, kama kalsiamu inaweza kusimama bila mgongo. Pembe alisema haiwezi, itapasuka kabla ya kufika kwenye fremu, asipoteze madini. Mabishano yenyewe yalikuwa ya kirafiki. Mmoja alikuwa na digrii tatu na mwingine alikuwa na mikono.

Leo nimekuta glavu zake kwenye droo. Nikafunga droo. Nilitegemea kuumia, sikuumia. Nimekula mchana kama kawaida.

Jumamosi, 29 Machi

Ndoo mbili.

Jumanne, 8 Aprili

Ndoo nne. Mama ameniuliza kama kazini kwetu hakuna fundi paa.

Jumatatu, 14 Aprili

Pembe ya kumi imeisha saa nne asubuhi. Saa tano tumefungua namba. Tulikuwa watatu kwenye chumba cha uendeshaji: mimi kwenye kompyuta, Bwana Pembe nyuma yangu amekunja mikono, Sauti mlangoni na kikombe.

Nikachukua kidato cha pili. Nikatoa cha tatu. Nikatoa cha kwanza. Programu ikachora.

Sifuri. Pembe ya kwanza sifuri, ya pili sifuri, mpaka ya kumi. Mstari umelala chini kama mgonjwa. Nikarudia. Nikaangalia alama za kutoa, nikaangalia majina ya mafaili, nikarudia mara ya tatu. Sifuri.

Bwana Pembe akasema polepole: "Ukiondoa fremu, ukiondoa kaboni, hakibaki kitu."

"Ndiyo, mkuu."

"Kwa hiyo kidato cha pili ni kaboni peke yake. Kalsiamu haipo."

Sauti akasema, "Haipo vipi? Si aliiweka?"

 Sumaku yetu ni ya zamani, haina macho ya kutenganisha kaboni na kalsiamu yenyewe, ndiyo maana tunategemea kutoa. Na chungu hakifunguliwi mpaka mionzi ipoe, wiki tatu. Kikifunguliwa, hata kama kalsiamu ilikuwapo, itakuwa unga kabla hujavaa miwani. Kwa hiyo hakuna wa kuulizwa isipokuwa namba, na namba zimesema.

Mimi nilikuwa nimekaa nakumbuka hospitali. Siku ya mwisho aliyozungumza sawasawa alinishika kidole gumba akaniambia: "Ile kalsiamu nimeiweka tupu. Usimwambie Pembe bado." Akacheka kidogo, akalala. Nilidhani ni dawa. Muuguzi aliingia kubadilisha dripu, na mimi nikalisahau neno lile mpaka leo saa tano.

Nimeiweka tupu. Kumbe alikuwa anakiri. Alikuwa amechoka, mikono inamtetemeka, akafunga fremu bila kalsiamu, akaona aibu kumwambia rafiki yake. Akaniachia mimi.

Sijui nilipaswa kusikia nini. Nilisikia njaa.

Jumatano, 16 Aprili

Bwana Pembe ameniita ofisini, amefunga mlango, amenivutia kiti. Mtu akikuvutia kiti ujue.

"Dada, sisemi marehemu alifanya makusudi. Alikuwa mgonjwa na sisi tulimwacha afanye kazi. Lakini msimu mzima umeenda, na ripoti inasomwa mwisho wa mwezi. Lazima iseme kwa nini. Wewe ulikuwa naye mwisho. Alisema lolote?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikaa pale nikasikiliza mvua kwenye dirisha na nikaona sina nguvu ya kudanganya, na kusema kweli ni kazi ndogo zaidi. Nikamwambia. Neno kwa neno, pamoja na usimwambie Pembe.

Akavuta karatasi. "Maskini," akasema. "Angeniambia tu."

Akaandika kwa mkono: fundi alimwarifu mkewe kabla ya kufariki kwamba shabaha iliwekwa tupu. Nikasaini. Akasema makala haitakuwapo, maana hakuna cha kuandika, na jina litabaki kwenye ripoti tu, kwenye ukurasa wa makosa. Nikasema naelewa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemkasirikia. Hiki ndicho kitu cha kwanza nimekisikia tangu Januari na nimekifurahia kama mtu aliyepata joto. Miezi yote aliyosema anamalizia, anamalizia, chakula kinapoa, na kumbe anamalizia hewa. Akaniachia pia kazi ya kumweleza mama yake.

Nimegeuza picha yake ya sebuleni ikatazama ukuta. Nilipotoka kuoga mama alikuwa ameirudisha.  Ameifuta hata vumbi.

"Wameshaliandika?"

"Bado, mama."

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Hasira imekwisha. Nimerudi nilipokuwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilirudi mapema, saa tisa. Mama alikuwa chumbani kwake anapinda fulana ambayo haikuhitaji kupindwa. Akaita: "Mwanangu, niletee chai tupu, sukari imenichosha."

Nikaenda jikoni. Nikatoa kikombe, nikakisuuza, nikakiweka kwenye sahani yake, nikakipeleka. Akakipokea kwa mikono miwili. Akatazama ndani. Akanitazama mimi.

"Hii nini?"

"Chai tupu, mama."

"Hiki ni kikombe kitupu. Mimi nimesema chai tupu." Akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu msiba, bega likitikisika. "Umeniletea tupu, chai umeisahau. Wewe umechoka, mwanangu. Chai tupu ni chai, na hakuna kingine."

Chai tupu ni chai na hakuna kingine. Nilisimama pale na sahani. Maji matupu ni maji. Ukimwambia mtu amekula wali mtupu, hakuna anayefikiri sahani haikuwa na wali. Kalsiamu tupu.

Kikombe ndicho kinachoweza kuwa kitupu. Fremu inaweza kuwa tupu. Kalsiamu itakuwaje haina kitu ndani? Hakuandika fremu. Aliandika kalsiamu.

Nilikaa chini, sakafuni, mlangoni kwa mama. Akadhani nimezimia, akaninyunyizia maji.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimefika kazini saa moja. Sauti alikuwa anakagua pampu. Nikamwomba akae nami, sikutaka kuona peke yangu.

Mimi natoa fremu tupu, siichori. Hakuna mtu anayechora tupu, kuna faida gani kuchora kisicho na kitu? Leo nikachukua kidato cha tatu peke yake, bila kutoa chochote, nikakichora.

Mstari ukashuka, ukaingia bondeni, ukapanda, ukashuka tena, ukaingia bonde la pili. Nadhifu kiasi cha kutisha. Huo ni mchoro wa kiini, na si kiini cha kaboni, kaboni naijua kama shati langu.

"Mwanafunzi wetu," Sauti akasema kwa sauti ndogo, ambayo sikujua anayo.

Halafu nikachukua kidato cha pili nikatoa kaboni tu. Mabonde yaleyale, mahali palepale. Nikaweka mchoro mmoja juu ya mwingine, ukawa mmoja. Alizitengeneza mbili, ya mgongo na isiyo na mgongo, zikalingana uzito karibu kabisa. Kwa hiyo nilipotoa ya tatu kwenye ya pili nilikuwa natoa kalsiamu kwenye kalsiamu, halafu nikatoa kaboni, halafu nikashangaa hakibaki kitu.

Kalsiamu isiyo na mgongo. Pembe alimwambia haiwezekani, na yeye akaiweza, kwa mikono inayotetemeka, na akataka kumfanyia rafiki yake mshangao. Usimwambie Pembe bado. Ndicho alichokuwa anakicheka.

Sauti akasoma kadi ukutani, akasoma tena. "Ameandika wazi kabisa."

"Ndiyo."

"Nami nilikwambia hesabu zinamiminika."

"Uliniambia. Nikapiga na mstari."

Jumatatu, 28 Aprili

Mkutano, watu tisa. Nikawawekea michoro miwili, nikawaeleza nilivyosoma kadi.  Halafu mmoja akacheka, na mwenzake akamkanyaga mguu.

Bwana Pembe akaenda kwenye skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa. "Bila mgongo," akasema. "Mikrogramu ngapi?" Hakuwa ananiuliza mimi. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

Alipokaa alisema: "Ripoti isomwe kesho kutwa ikiwa na marekebisho. Tutaandika kulikuwa na hitilafu ya lebo."

"Lebo haina hitilafu, mkuu. Lebo ni sahihi. Msomaji ndiye aliyekosea."

"Dada, ni namna ya kusema tu. Tunakustiri."

"Mkisema lebo, mnamsema aliyeiandika. Andikeni msomaji. Na ile karatasi niliyosaini naiomba."

Akanipa. Nikaichana pale mezani, vipande vikubwa. Wamekubali. Jina lake litatangulia. Hesabu zote zitakaguliwa na mtu mwingine tangu mwanzo, na jina langu halitakuwa kwenye makala. Huo ndio utaratibu wetu kwa aliyekosea kusoma, mimi mwenyewe nilipiga kura ulipopitishwa. Sikubisha.

Mvua imepungua. Ndoo moja.

Jumanne, 29 Aprili

Leo mama hajaniuliza. Nimemwambia mimi mwenyewe, mchana, baada ya kula, vyombo vikiwa bado mezani.

"Wameliandika, mama. La kwanza kabisa."

Akafunga macho, akashukuru, midomo ikicheza bila sauti. Ningeweza kuishia hapo. Angeweka ukurasa kwenye fremu yake, na sisi wawili tungeishi vizuri tu. Lakini nimechoka kuishi na vitu visivyosemwa, siri aliyoniachia mume wangu imenitosha.

Nikamweleza yote. Kadi, sifuri, ofisi ya Bwana Pembe. Nikamwambia: "Nilisaini kwamba mwanao alikosea."

Alikuwa anakusanya punje za wali kwenye kitambaa cha meza kwa ncha ya kidole. Hakuacha.

"Walikulazimisha?"

"Hapana."

"Uliamini?"

"Niliamini, mama. Siku kumi na moja."

Akakusanya punje zote, akaziweka kwenye sahani. Akakunja kitambaa mara mbili, akakilaza kwa kiganja kama anavyolaza nguo kabla ya kuikata.

"Hilo neno la hospitalini," akasema. "Alimwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Mimi tu."

"Mimi nilikuwa nje kwenye benchi siku hiyo. Daktari alikuwapo. Rafiki yake alipita asubuhi. Hakumwambia hata mmoja?"

"Mimi tu, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, hana hasira, ndiyo mbaya zaidi.

"Basi alijua wewe utaelewa."

 Nimelia mezani na mikono yangu ikiwa na mafuta ya chakula, mchana kweupe, dirisha liko wazi, jirani anaanika nguo. Mama hakuninyamazisha. Alikaa tu kwenye kiti chake mpaka nikamaliza, na nilichukua muda mrefu kumaliza.